Meli ya Mkwe Ilivyogoma Kufungwa Uzi

Mlingoti ulichomoka kwenye meli ndogo iliyokuwa mezani, ukaruka juu ya sahani ya biskuti, ukatua kwenye wigi la shangazi.

Ukasimama wima.

Shangazi mwenyewe hakujua. Akaendelea kuhutubia familia mbili kuhusu tabia za vijana wa leo, huku kichwani ana antena kama redio ya mfukoni.

Watu wazima walikuwa wameuma midomo, machozi yanawatoka, mabega yanatikisika. Shangazi akadhani hotuba imewaingia. Akaongeza sauti.

Mimi ndiye niliyeufunga ule mlingoti. Na uzi niliotumia ulitoka kiunoni mwa bukta yangu.

Tulia nikusimulie. Nikitia chumvi mahali, vumilia, ila meli ilikuwepo, shangazi yupo mpaka leo, na wigi analo.

Mimi ni mstaafu. Nilikuwa fundi wa lifti. Kama uliwahi kupanda ghorofani ukashuka mzima, kuna mtu kama mimi aliyezikagua nyaya. Nimepandisha mabosi, mahakimu, majeneza, na mama mmoja aliyejifungulia katikati ya ghorofa, mtoto akapewa jina langu mpaka wazazi walipopata akili wakambadilishia.

Baada ya kustaafu nikaanza kuunda modeli za meli. Zile ndogo za kuunganisha vipande kwa gundi, kibano mkononi, lenzi jichoni, mpaka mkeo anawaambia majirani kwamba unaumwa. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kuharibu.

Basi binti yangu akapata mchumba.

Mfamasia. Kijana mpole, anaongea taratibu utadhani kila neno linamezwa kutwa mara tatu baada ya chakula. Mimi nikampenda. Mama watoto akampenda. Tatizo likawa baba yake.

Baba yake alikuwa mstaafu pia, fundi wa redio kwenye meli za mizigo. Mjane. Mrefu, mwembamba, kichwa kimeinama kidogo upande kana kwamba bado anasikiliza mawimbi. Sisi nyumbani tulimwita Antena. Mbele yake tulimwita mkwe.

Siku ya kwanza kwenda kwake tulikuta kwenye meza, pale ambapo wengine huweka televisheni, kuna meli.

Jamani, meli.

Ndefu kama mkono wangu kutoka begani. Meli ileile aliyoifanyia kazi, ameiunda mwenyewe. Mashua za kuokolea watu, ngazi, madirisha ya duara, hata kile chumba chake cha redio chenye kiti ndani. Nimeona modeli nyingi, lakini ile ilinifanya nivue kofia, na mimi sivai kofia.

Ilikosa kitu kimoja tu. Nyaya za antena, zile zinazotoka mlingoti wa mbele kwenda wa nyuma.

Mfamasia akaleta chai. Antena akaigusa meli yake kwa ncha ya kidole, akatuambia:

"Meli ikikamilika, tutapanga tarehe ya harusi. Mimi siwezi kuwa na mambo mawili nusunusu."

Binti yangu akainama. Kumbe wimbo huo ulikuwa umeshaimbwa sana.

Mama watoto akanikanyaga mguu chini ya meza. Alijua nataka kufungua mdomo.

Nikaufungua.

"Nyaya tu, mkwe? Mimi nimening'iniza watu hewani maisha yangu yote. Niachie mimi."

"Wengi wamejaribu," akasema Antena.

"Wengi hawakuwa mimi."

Tukiwa njiani kurudi, mama watoto akasema, "Siku utakayokufa, mdomo tutauzika kaburi la peke yake."

Nikaanza na uzi wa pamba, ule wa kushonea. Nikaufunga vizuri, ukanyooka. Nikarudi baadaye nikakuta umelegea, umeota manyoya, umening'inia katikati.

Antena akaangalia. "Meli yangu haikuwa na kamba ya kuanikia nguo."

"Ni unyevu, mkwe. Pamba inakunywa unyevu."

"Basi tafuta isiyokunywa."

Nikaleta mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba kabisa. Mshipi nao una kiburi. Umekaa kwenye kigurudumu miaka, unakumbuka kigurudumu. Ukiunyoosha unajikunja. Gundi ukiupaka unateleza kama mdaiwa. Nikapambana nao, nikaushinda, nikaenda nyumbani nikijisifu.

Baada ya siku chache mfamasia akapiga simu. "Baba, samahani. Umeachia."

Nikabadili mbinu. Nikachukua vijiti vya plastiki vinavyobaki kwenye modeli, nikavipasha juu ya mshumaa, nikavivuta vikawa nyuzi nyembamba kama pumzi. Hizo nyuzi ni nzuri kuliko zote. Ila ukiziangalia vibaya zinakatika.

Zikakatika.

"Nilipiga chafya," akasema Antena.

"Chafya gani hiyo, mkwe?"

"Ya kawaida."

Chafya ya mtu huwezi kuikagua.

Nyumbani mama watoto akaniambia, "Si utumie uzi wa mpira? Ukiguswa unavutika, ukiachiwa unarudi. Kwani shida iko wapi?"

Nikamkatalia kwa hasira. Unajua kwa nini? Kwa fundi wa lifti, waya unaovutika ni waya unaoua. Nimefukuza vibarua kwa ajili ya waya uliovutika kidogo tu. Leo unaniambia niufunge kwa hiari yangu?

"Hakuna abiria humo ndani ya meli," akasema.

"Ni suala la heshima."

"Heshima yako itamzeesha mtoto wangu nyumbani."

Hapo akanigusa. Na kikao cha familia mbili, pale kwa Antena, kilikuwa kesho yake. Nikaangalia huku na huku, nikaona bukta yangu kwenye kamba. Nikachomoa uzi wa mpira kiunoni.

Kilichofuata umeshakisikia. Niliufunga uzi mnene, tena nikauvuta kwa nguvu kama waya wa lifti, ukalia ting'. Nikasema, huu hauendi popote. Kweli haukwenda popote. Mlingoti ndio ulikwenda. Shangazi, dada yake Antena, alikuwa ndio kwanza anapamba moto na hotuba yake, milingoti miwili ikaanza kuinamiana kama watu wanaosalimiana, halafu wa nyuma ukavunjika shina. Nilikuwa nimetengeneza manati.

Antena ndiye aliyeinuka, akamwendea dada yake, akauchomoa mlingoti kwa kibano, akarudi kukaa.

"Ulikuwa unanifanya nini?" shangazi akauliza.

"Nakutoa hewani," akasema.

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Shangazi alipoelewa, akafunga mjadala. Huo ni mkosi. Harusi isubiri mwaka mwingine. Antena akaitikia kwa kichwa, na nikamwona anatabasamu. Nikadhani anacheka wigi.

Tulipofika nyumbani binti yangu hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikaa kwenye mkono wa kochi, mkoba bado begani.

"Baba, mimi sitasubiri mwaka mwingine. Kuna mtu ananiambia ananipenda, lakini hawezi kumwambia baba yake neno moja. Meli hiyo isipokamilika safari hii, namrudishia pete. Akaoe meli."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nimesema."

Nikamwangalia mama watoto. Mama watoto akaniangalia mimi. Maana ya macho yale ilikuwa: wewe ndiye uliyefungua mdomo.

Kesho yake nikaenda duka la vifaa vya kushonea. Mwenye duka ni mama mmoja mnene, tepu shingoni, hacheki na mtu.

"Nataka uzi wa mpira."

"Wa kushonea nini?"

"Meli."

Akanipima kwa macho. "Ya mizigo au ya abiria?"

"Mama, sitanii."

"Na mimi nimeuliza tu."

Akanimwagia mezani kila alichonacho. Ule bapa nikausukuma kando, waya wa meli si mkanda wa suruali. Ule wa mviringo uliovikwa pamba nao, ukiushika ni mzuri, ukiutia lenzi una manyoya kama kiwavi. Kisha nikauliza swali nililopaswa kuuliza tangu mwanzo: baharia wa meli ile ana urefu wa punje ya mchele. Uzi huu kwake ungekuwa na unene gani?

Ule wa bukta yangu ungekuwa mnene kama paja lake.

Hapo ndipo watu tunapokosea. Tunachagua uzi kwa jinsi unavyoonekana mkononi, wakati haukai mkononi.

Mwenye duka akainama chini ya meza akatoa kigurudumu kidogo chenye vumbi. "Huu ni wa soksi ndefu za wanawake. Watu hawaununui, hawauoni."

Nikauinua dirishani. Unywele. Tena unywele wa mtoto mchanga. Ulikuwepo mweusi na wa kijivu. Nikachukua wa kijivu, kwa sababu kwenye kitu kidogo rangi nyeusi inapiga kelele.

Nikaufunga kati ya vigurudumu viwili palepale mezani. Nikauvuta kidogo tu kupita nafasi yenyewe. Nikaubonyeza na kidole, ukarudi. Nikaupuliza. Nikaupiga kikofi. Ukarudi, umenyooka vilevile, na vigurudumu havikusogea.

Wateja walikuwa wamejipanga nyuma yangu. Dada mmoja akauliza, "Mzee, huo uzi umekukosea nini?"

"Ndio unaoniozeshea binti," nikamjibu. Akasogea nyuma hatua nzima.

Nikaenda kwa Antena. Mlingoti nilishautengeneza upya kwa waya wa shaba ndani, plastiki nje. Nikatia supagluu kwenye ncha ya kijiti cha meno, tone dogo mbele, nikashika, nikavuta kidogo, tone dogo nyuma. Basi. Wala sikutoka jasho.

Ulikuwa umekaa vizuri mpaka nikajionea wivu.

"Jaribu, mkwe."

Akaubonyeza na kidole. Ukarudi.

Akaupuliza. Akaupitishia kitambaa cha vumbi. Akaukwangua na ukucha kama anapiga gitaa. Ukarudi, ukarudi, ukarudi.

"Hata chafya?" nikamchokoza.

Hakucheka. Uso ulimwanguka kama mtu aliyesomewa matokeo ya hospitali. Nikajiambia, wivu huo. Bingwa amepata bingwa mwenzake.

"Jumapili," akasema polepole. "Waambie watu waje Jumapili."

Jumapili nikawahi mapema, kabla ya wenzangu, nipate nafasi ya kusifiwa peke yangu. Mfamasia alikuwa ametumwa sokoni. Shangazi, aliyekuja kupika, alikuwa jikoni anagombana na masufuria. Antena alinifungulia mlango akarudi kwenye kiti chake bila kunitazama.

Nikatazama meli.

Uzi ulikuwa umekatika.

"Panya," akasema Antena kabla sijauliza.

Nikamfikiria binti yangu, wakati huohuo yuko nyumbani anapiga pasi gauni. Nikaifikiria ile pete.

Halafu nikatoa lenzi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ufundi ulipo. Uzi wa mpira ukiachia gundi, mwisho wake unabaki na kitone cha gundi. Ukichanika kwa kuvutwa sana, mwisho wake unakuwa umechakaa, umefumuka. Hapa vitone vyangu vyote viwili vilikuwepo mahali pake juu ya milingoti, vimeng'ang'ania. Kila kimoja kina kimkia kifupi kilichojikunja. Na mwisho wa kila kimkia ulikuwa bapa, safi, kama umekatwa kwa wembe.

Pamba inalegea yenyewe. Mshipi unaachia wenyewe. Nyuzi za plastiki zinakatika kwa chafya. Siku zote nililaumu uzi, na uzi ulikuwa na sababu za kulaumiwa. Huu haukuwa na hata moja.

Nikavuta kiti nikakaa karibu naye.

"Mkwe."

"Naam."

"Panya wako ana mkasi."

Jikoni sufuria ikaanguka, shangazi akaitukana.

"Panya wa siku hizi wamesoma," akasema Antena.

"Huyu amesoma sana. Ndiye aliyekata mshipi?"

"Huenda."

"Na zile nyuzi za plastiki?"

"Zile nilipiga chafya kweli." Akajikuna shingo. "Nilipiga ya makusudi."

Nilitaka kucheka, nilitaka kumpiga, nikashindwa kuchagua. Akaingiza mkono mfuko wa shati akatoa mkasi wa kucha, akauweka mezani kati yetu, kama mtu anayesalimisha silaha.

"Kijana ndiye anayechemsha chai asubuhi," akasema. "Tunagombania redio. Ananiambia punguza, namwambia ziba masikio. Akitoka kwenda kazini najua saa ngapi atarudi. Siku nikitamka tarehe, humu ndani nabaki mimi na hiyo saa ya ukutani. Na yenyewe inachelewa."

"Si ungesema tu?"

"Ningesemaje? Mimi? Niliyewaambia wote kwamba mwanaume akioa atafute paa lake?"

Kwa kawaida mimi nina jibu la kila kitu, mama watoto atakuthibitishia.

Safari hii nikamwambia jambo moja tu. "Binti yangu amesema leo ndiyo mwisho. Isipokamilika anarudisha pete. Kijana wako atabaki humu ndani, ndiyo. Lakini chai utakayokuwa unaletewa, sijui kama utaimeza."

Antena akavuta droo, akatoa kibano chake.

"Kigurudumu cha uzi unacho?"

"Kiko mfukoni."

"Shika mbele. Nyuma nafunga mwenyewe."

Tone la kwanza la gundi likamwangukia kidoleni, kidole kikanasa kwenye mashua ya kuokolea watu. Tukahangaika kukinasua huku shangazi amesimama mlangoni na mwiko, anauliza tunafanya nini. Antena akamwambia, "Tunaokoa watu." Lakini alifunga. Alifunga vizuri kuliko mimi, nalisema hili mara moja tu na silirudii.

Watu wakaja. Chai ikamiminwa. Shangazi akakaa mbali na meli, wigi amelifunika kitambaa. Antena akasimama.

"Meli imekamilika," akasema. "Mwezi ujao, Jumamosi ya kwanza. Nani ana neno?"

Binti yangu akamshika mama yake mkono. Mfamasia akasimama, akakaa, akasimama tena. Jasho linamtoka.

"Baba, mimi nina neno."

Mke wangu akafumba macho. Mimi nikatafuta mlango uko wapi.

"Tulikuwa tunaogopa kukwambia," akasema yule kijana, taratibu kama kawaida yake. "Ulisema mwanaume akioa atafute paa lake. Tumetafuta, hatujapenda hata moja. Sisi tulikuwa tunataka kukuomba chumba cha uani. Tukae hapahapa na wewe. Tumeogopa kukuomba tangu siku ya kwanza. Ukikataa, tutaelewa."

Unaelewa kilichotokea hapo?

Mzee amekata nyuzi miezi yote ili mwana asihame. Mwana amekaa kimya miezi yote akitafuta jinsi ya kuomba asihame. Na mimi katikati yao nimeichomoa bukta mpira wake.

Antena aligeuka, akaitazama ile antena yake, akaigusa na kidole. Ikarudi.

"Chumba cha uani kina makopo yangu ya rangi," akasema. "Mtayahamisha wenyewe. Mimi mgongo unauma."

Binti yangu akamkumbatia palepale, kikombe cha chai kikamwagikia suruali yake, hakulalamika. Shangazi akaanza hotuba nyingine. Safari hii tukaisikiliza.

Harusi ilifanyika. Wanaishi pale. Wanagombania redio watatu sasa.

Fundisho ninalokuachia ni hili. Kitu kikikatika mara ya kwanza, laumu uzi. Mara ya pili, laumu mkono wako. Lakini ukishaweka uzi unaovutika na kurudi, na bado unaukuta umekatika, acha kwenda dukani. Kaa karibu na mwenye nyumba, muulize anaogopa nini.

Nimeyaandika haya kwa sababu jana binti yangu mdogo, aliyebaki nyumbani, ametuletea mgeni. Kijana mzuri, mwalimu, ana adabu. Ameuliza ni lini wazee wanaweza kukaa.

Nimemwambia asiwe na haraka. Nimeanza kuunda ndege ya zamani, ile yenye mabawa mawili, moja juu moja chini. Ikikamilika tutapanga tarehe.

Ina nyaya nyingi sana.